Cyprien, Daphrose na watoto wa soko la Kigali

Kila Aprili, Rwanda inapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wakatoliki wengi wa Kigali huwataja Cyprien na Daphrose Rugamba. Mara nyingi kinachosimuliwa ni kifo chao. Kwa maoni yangu, habari yao ianzie kwa watoto wenye njaa waliozurura sokoni, na hata kabla ya hapo, katika ndoa iliyokuwa imepasuka.

Cyprien alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa Rwanda. Aliingia seminari akitaka upadri, akatoka, na imani ikamtoka pia. Akasomea historia hadi Ubelgiji, akarudi na kuwa mmoja wa watu wa utamaduni waliojulikana sana nchini: mshairi, mtunzi wa nyimbo, mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti mjini Butare, na mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga, mwalimu, mwanamke wa sala.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Cyprien alimdharau mkewe kwa imani yake, akamrudisha kwao kwa muda, na akazaa nje ya ndoa. Daphrose alimpokea mtoto yule na kumlea pamoja na wake. Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa yote yaliyokuja baadaye. Kabla hajamlisha mtoto yeyote wa barabarani, mama huyu alikwisha kumfungulia mlango mtoto ambaye wengi wangemfungia, na hapakuwa na mtu wa kumshangilia.

Mwaka 1982 Cyprien aliugua sana. Katika ugonjwa huo alimrudia Mungu, miaka 17 tangu wafunge ndoa, miaka ambayo mkewe hakuacha kumwombea. Alimwomba Daphrose msamaha, na kalamu yake ikageukia nyimbo za kumsifu Mungu, ambazo makanisani Rwanda zinaimbwa mpaka leo. Baadaye walifahamiana na Jumuiya ya Emmanuel, iliyoanzia Ufaransa, ambayo huwakusanya watu wa ndoa, mapadri na vijana katika kuabudu Ekaristi, huruma kwa maskini na uinjilishaji. Mwaka 1990 wakaianzisha nchini Rwanda, nyumbani kwao Kigali.

Mwaka huohuo, Oktoba, vita vilianza kaskazini. Watu walikimbia mashamba yao, na kufikia 1993 kambi ya Nyacyonga, nje kidogo ya Kigali, ilikuwa imefurika wakimbizi wa ndani. Mjini walizidi kuonekana mayibobo, watoto wa barabarani, wakilala nje na kuishi kwa kubeba mizigo na kuombaomba. Wapita njia waliwaogopa, au waliwafukuza tu. Daphrose alikuwa na duka mjini, akaanza kuwapa chakula. Chakula kilizaa mazungumzo: nani amekuleta huku, mama yako yuko wapi, ulifika darasa la ngapi? Mwaka 1992 kazi hiyo ikapata kituo chake, na ndugu wa jumuiya wakashirikiana nao kukiendesha. Imani ya hawa wawili haikusubiri Jumapili.

Cyprien naye alikuwa na vita vyake. Tangu miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji ulikuwa umeandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda, na serikali za baada ya uhuru zikaendeleza desturi hiyo. Cyprien aliwaomba wakubwa wa nchi waziwazi waifute alama hiyo. Kwa mtu aliyejulikana kama yeye, katika Kigali ya wakati ule, kusema hivyo kulikuwa kujiweka hatarini, naye alilijua hilo.

Ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994. Familia ya Rugamba, iliyokuwa na ruhusa ya kutunza Ekaristi nyumbani, ilikesha ikisali. Asubuhi ya Alhamisi ya wiki ya Pasaka, Aprili 7, askari waliingia na kuwaua Cyprien, Daphrose na watoto wao sita waliokuwapo. Siku hiyohiyo, huko Remera, mapadri, vijana na wageni waliuawa katika Kituo cha Christus cha Wajesuiti.

Septemba 2015, Jimbo Kuu la Kigali lilifungua rasmi mchakato wa kuwaombea wanandoa hao watangazwe wenyeheri. Mashahidi waliohojiwa wana mengi ya kueleza kuhusu nyimbo, sala na kesha la mwisho. Ningependa majalada ya mchakato huo yatoe nafasi kubwa kwa ushuhuda wa waliokula kwa mkono wa Daphrose.

Kituo cha watoto nacho kilifufuliwa baada ya mauaji, na sasa kinaitwa kwa majina ya wote wawili. Watumishi wake huwafuata watoto mitaani, huwakaribisha kwa chakula, mahali pa kulala na masomo, kisha hutafuta wazazi au jamaa zao. Mtoto anaporudishwa nyumbani na shuleni, huendelea kufuatiliwa, kwa kuwa kisa kilichomtoa nyumbani, uwe umaskini au ugomvi wa wazazi, mara nyingi bado kipo palepale.