Okello: Jina moja lisilo la ukoo mmoja

Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichopo mashariki mwa jiji la Kampala, kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, na hupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya Uganda. Katika chuo cha namna hiyo, vijana wawili wanaoitwa Okello wanaweza kuketi darasa moja bila kuwa na undugu wowote.

Kwa asili, Okello si jina la ukoo. Miongoni mwa Waacholi, Walango na jamii nyingine za Waluo, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mapacha. Wa kike huitwa Akello. Waganda humwita mtoto huyo Kizza, na Wasukuma wa Tanzania humwita Shija. Hata hivyo, katika hati za shule na serikali, Okello huandikwa mahali pa jina la familia.

Wafuatao ni baadhi ya waliolipa umaarufu.

John Okello

Mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda, aliyejipa cheo cha Fildi Mashali na kujitokeza kama kiongozi wa mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Miezi miwili baadaye alizuiwa kurejea visiwani. Hatima yake baada ya mwaka 1971 haijulikani.

Bazilio Olara-Okello

Brigedia aliyeongoza mapinduzi yaliyomwondoa Rais Milton Obote Julai 27, 1985. Alishika hatamu za nchi kwa siku mbili tu. Alifariki uhamishoni Sudan mwaka 1990.

Tito Okello Lutwa

Jenerali aliyeapishwa kuwa rais Julai 29, 1985, akaondolewa na wapiganaji wa Yoweri Museveni Januari 1986. Yeye na Bazilio wote walikuwa Waacholi, lakini hawakuwa ndugu. Alifariki mwaka 1996.

Henry Oryem Okello

Mwanawe Tito, aliyehudumu kwa miaka mingi kama waziri wa nchi wa mambo ya nje katika serikali ya Museveni, yuleyule aliyempindua baba yake.

Allan Okello

Mwanasoka wa timu ya taifa, aliyeng'ara akiwa KCCA ya Kampala kabla ya kujiunga na Paradou ya Algeria mwaka 2020.

Kati ya watano hawa, ni Tito na Henry pekee ambao jina hilo limepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kwa asili yake, Okello humtaja mtoto kwa mapacha waliomtangulia. Ukoo wake hujulikana kwa kuulizwa.