Malale na Figo

Sisi wa Miembeni, Bukoba, tumerithi hofu ya malale. Mwaka 1906 Robert Koch alifika visiwa vya Sese, ng'ambo ya ziwa letu, akawadunga wagonjwa dawa ya atoksili. Baadhi yao wakapofuka. Mwaka 2010 watafiti walitangaza ajabu: mabadiliko katika jeni ya APOL1, yaliyoenea zaidi Afrika Magharibi, husaidia damu kuua vimelea vya malale. Lakini anayeyarithi kwa baba na kwa mama pia, figo zake zimo hatarini zaidi. Ndugu msomaji, ngao ya babu yaweza kumjeruhi mjukuu! Dawa ya kuizuia hatari hiyo ingali inajaribiwa. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Lakini asiyejua alichorithi, na apime mkojo na presha mapema.