Wapagazi wa Unyamwezi na Nyimbo za Njiani

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1872, kundi la wapagazi lilikusanyika mbele ya tembe moja la Kwihara, karibu na Tabora, likacheza ngoma ya kuagana. Aliyekuwa akiagwa ni H. M. Stanley, ambaye kulipokucha alikuwa aanze safari ya kurudi pwani na kumwacha David Livingstone nyuma yake. Stanley mwenyewe ameeleza katika kitabu chake ya kwamba ngoma ilipopamba moto hakuweza kujizuia. Aliingia uwanjani akacheza pamoja na wapagazi. Mwishowe vishindo vilitulia, ukafuata wimbo wa taratibu, mmoja akitongoa na wengine wakiitika, wakimwimba mzungu aendaye kwao.

Stanley alijiita Mwamerika, lakini kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa Wales. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841, na jina lake la kwanza lilikuwa John Rowlands. Wales ni nchi ndogo iliyopata sifa kubwa kwa kwaya za watu wa kazi. Katika mwaka ule ule wa 1872, miezi michache baada ya ngoma ya Kwihara, kwaya ya wachimba makaa, wafua chuma na jamaa zao, wanaume na wanawake zaidi ya 400, ilitoka kusini mwa Wales ikaenda kushinda mashindano ya uimbaji katika Crystal Palace, London. Aliyeiongoza alikuwa mfua chuma, Griffith Rhys Jones, ambaye watu walimwita Caradog. Mwaka 1895 kwaya ya wanaume wa Treorchy, bonde la wachimba makaa, iliimba mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Na mwaka 1908 kundi la wanaume kutoka mahali hapo hapo lilianza safari ya kuzunguka dunia likiimba. Majina ya viongozi wao yamehifadhiwa, picha zao zimetundikwa kutani, na hesabu ya safari zao imeandikwa.

Hapa ndipo swali la makala haya linapozaliwa. Watu walioimba Kwihara walikuwa wanaume wa kazi. Walikuwa na mwimbishaji wao na waitikiaji wao. Walisafiri mbali na kwao, wakaimba katika nchi za watu wengine, wakasikilizwa na watu wa lugha nyingine. Kwa nini basi wale wa Treorchy waitwe kwaya, na hawa waitwe mizigo yenye miguu? Naona kwamba tofauti haikuwa katika uimbaji. Ilikuwa katika daftari la aliyeandika.

Kwanza na tuitazame njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo msafara ulipanda kupitia Usagara na Mpwapwa, ukaingia Ugogo ambako watemi walidai hongo, ukavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, kisha ukafika Unyanyembe, nchi ambayo mji wake ni Tabora. Mwendo huo wapita kilomita 800. Aliyetaka kufika Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwa na kilomita 400 nyingine mbele yake. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, mtaa wa Waarabu wa Tabora, tarehe 7 Novemba. Yaani zaidi ya miezi minne. Msafara wa Wanyamwezi wenyewe, usio na mgonjwa wa kubebwa wala bwana wa kusubiriwa, ulikwenda kwa haraka zaidi.

Biashara hii haikuanzishwa na wageni. Watu wa bara ya magharibi walikuwa wamekwisha kuijua njia ya pwani kabla ya wafanyabiashara wa Unguja kujenga matembe yao Unyanyembe. Hata jina la Wanyamwezi lilienea kwa sababu ya safari hizo: watu wa pwani waliwaita hivyo waliowaona wakija kutoka upande wa machweo, na watu wa himaya nyingi mbalimbali wakajikuta wana jina moja. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha utu uzima. Aliyebaki nyumbani siku zote alihesabiwa kuwa hajakomaa. Basi alipoondoka alikwenda kutafuta nguo na shanga, na pia heshima mbele ya wazee na wachumba.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, ambazo ni kama ratili 70. Pembe za ndovu zilizidi hapo, na ile kubwa mno ilibebwa na watu wawili kwa mzegazega. Mtu aliyechukua uzito huo kichwani au begani, saa baada ya saa, kwa miezi miwili au mitatu, hawezi kuambiwa kwamba aliimba kwa kuwa hana fikira. Aliimba kwa kuwa alikuwa na fikira. Wimbo uligawanya mwendo katika hatua, na hatua ikagawanya uzito. Wachimba makaa, wavuta kamba za majahazi, watwangaji na wapagazi wote waijua siri hii: kazi inayofanywa na wengi hutaka pumzi moja, na pumzi moja hupatikana kwa sauti.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Burton amemweleza mtu huyu kwa mapana: joho lake jekundu, manyoya na ngozi za wanyama alizojipamba, na bendera nyekundu mkononi iliyoashiria kwamba msafara watoka nchi za Sultani wa Unguja. Nyuma yake alifuata mpiga ngoma. Kisha walikuja wachukuzi wa pembe, waliojiona bora kuliko wengine wote, na kengele zikilia katika pembe zao. Nyuma yao wachukuzi wa nguo, wa shanga na wa masango ya shaba. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi njiani. Alijua mahali pa maji, aliijua njia panda ya kufunga kwa majani ili walio nyuma wasipotee, na aliweza kuanzisha wimbo. Sifa hii ya tatu haikuwa pambo. Mstari wa watu mia kadhaa, wakienda mmoja mmoja katika kichaka, hauonekani mwisho wake. Aliye nyuma haoni bendera, lakini husikia sauti. Wimbo ukififia, hujua kwamba ameachwa. Ukisita, hujua kwamba mbele kuna jambo.

Wakati mwingine ilibidi kutelekeza, yaani kuondoka baada ya adhuhuri, kulala mahali pasipo maji, na kuyafikia maji siku ya pili. Mtu yeyote aliyewahi kwenda kwa miguu katika nyika ya Ugogo mwezi wa Oktoba hatahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Hapo sauti ya kirangozi ilikuwa sawa na mkono wa mtu anayemshika mwenzake asianguke.

Tena palikuwa na jambo la kuingia mjini, na hapa ndipo msafara ulipokuwa maonyesho kwelikweli. Ulipokaribia kijiji kikubwa ulisimama. Waliochelewa walingojwa. Nguo zilizotunzwa mafurushini zilitolewa zikavaliwa, pembe zikapulizwa, ngoma zikagonga, bunduki zikapigwa hewani, na watu wote wakaingia wakiimba. Wenyeji, wake kwa waume, walitoka kutazama. Mtu aweza kusema huo ulikuwa ufahari tu. Mimi nasema ulikuwa pia tangazo. Kwa sauti na mavazi yao wapagazi walijulisha kwamba wao si wakimbizi wala wanyang'anyi, kwamba msafara wao una nguvu na nidhamu, na kwamba wana mali ya kununulia chakula. Usiku, kambini, baada ya kupika, waliinuka tena wakacheza. Na wasafiri wa Ulaya walioandika kwamba walichoka hata kushindwa kusimama, walistaajabu kuona waliobeba mizigo yao wakicheza.

Nyimbo zenyewe zilisema nini? Zilisema mambo ya nyumbani, ya chakula, ya pwani inayotamaniwa, na ya mabwana wa safari. Burton ameandika, bila kuficha, kwamba wapagazi wake walimwimba kwa kumwita mzungu mbaya. Hakukasirika, kwani alifahamu kwamba ndiyo desturi ya utani wao. Lakini utani huu ulikuwa na uzito. Mpagazi alikuwa mtu wa ujira; alipatana kwa doti za merikani na kaniki, na kila siku alistahili posho yake. Posho ilipopunguzwa au mwendo ulipozidishwa, aliweza kutua mzigo na kukataa kuondoka, au kutoroka usiku. Kabla ya kufika hapo, alikuwa na wimbo. Neno ambalo mtu mmoja angelisema angeadhibiwa, watu mia walipoliitika lilikuwa la wote, na fimbo ya mnyapara haikujua imwangukie nani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, amewaonyesha kuwa wafanyakazi wenye mila zao za kazi na wenye kutetea haki zao.

Lakini haki yatutaka tusiipambe njia hii kupita kiasi. Katika vumbi lile lile walipita watu waliofungwa minyororo, ambao hawakupatana na mtu ujira wowote. Pembe iliyoimbiwa na mchukuzi wa hiari ilitoka pengine katika mkono ulioteketeza kijiji. Hata jina la Bagamoyo hubishaniwa hadi leo. Wako wasemao lilitokana na mpagazi aliyefika mwisho wa safari akabwaga moyo wake, yaani akatua shaka na uchovu. Wako wasemao lilitokana na mtumwa aliyeambiwa auache moyo wake pale, kwa kuwa ng'ambo ya bahari hapana kurudi. Sina haja ya kuamua ugomvi huo. Yatosha kusema kwamba maana zote mbili zilitembea katika njia moja, na kwamba anayeandika historia ya nyimbo za wapagazi bila kukumbuka kimya cha waliofungwa, ameandika nusu.

Safari za namna hii zilikuwa na mwisho. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliochukua miezi ukachukua siku. Kisha vita vikaja. Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, na upagazi ukarudi kwa sura mbaya kuliko ile ya kwanza. Pande zote zilikamata watu kwa nguvu, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam, ni ukumbusho wa jeshi hilo la wachukuzi. Hapa kirangozi aliyechaguliwa kwa ujuzi na sauti hakuwa na nafasi tena. Watu walipangwa kwa namba. Sijui kipimo bora cha tofauti baina ya kazi ya hiari na kazi ya shuruti kuliko hiki: katika ile ya kwanza mwimbishaji huchaguliwa na wenzake.

Hata hivyo desturi haikuzikwa pamoja na njia. Katika Usukuma na Unyamwezi vyama vya ngoma na vya kulima viliendelea kuimba katika kazi na kushindana. Mashindano ya Wagika na Wagalu yajulikana na wote. Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki, alizikusanya nyimbo za kazi za magharibi ya Tanzania katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na za safari zimo pia. Na baada ya ngoma zikaja gitaa: Tabora ikatoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na sauti zao zikasikika redioni nchi nzima. Bendi iliyojiita Nyanyembe ilichukua jina la nchi ambayo wapagazi waliisikia midomoni mwao kila walipohesabu siku za kurudi.

Nimewataja watu wa Wales mwanzoni, si kwa kutaka sifa zao zipungue. Wachimba makaa wale walistahili kila neno la heshima lililoandikwa juu yao. Nimewataja kwa kuwa heshima yao yatuonyesha deni letu. Historia ya Tabora yaandikwa kwa majina ya wafanyabiashara, watemi na wapelelezi: Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, Mirambo, aliyeifunga njia mwaka 1871, Isike, aliyekufa mwaka 1893 kuliko kusalimu amri, Livingstone na Stanley, ambao tembe lao la Kwihara bado linatazamwa na wageni. Lakini hapana hata mmoja wa hao aliyekwenda hatua mia bila mtu wa kumchukulia mzigo, na mtu huyo hakwenda hatua mia bila wimbo.

Mwanafunzi wa historia ataniuliza, ushahidi uko wapi, kwani sauti haiachi magofu? Nitamjibu kwamba upo katika vitabu vya wasafiri, akivisoma kinyume: pale mwandishi alipolalamika juu ya kelele, yeye aandike kwaya, pale aliposema wapagazi wamecheza usiku kucha, aandike tarehe na mahali. Upo pia katika vinywa vya wazee wanaokumbuka nyimbo walizosikia kwa babu zao, na hazina hiyo yapungua kila msiba. Tarehe moja tayari tunayo. Ni usiku wa tarehe 13 Machi 1872, Kwihara. Waimbaji, wapagazi wa Unyamwezi. Msikilizaji, mtoto wa Wales. Majina yao hakuyaandika, lakini aliingia uwanjani akacheza.