Kifuasi cha Emita: Historia ya Saketi Isiyokuza Volti

Vali zilizotawala elektroniki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikuwa na sifa ambayo wahandisi waliizoea mno: gridi, yaani wavu unaoongoza mkondo ndani ya vali, haikunyonya karibu mkondo wowote kutoka kwenye chanzo cha mawimbi. Tatizo lilikuwa upande wa kutoa, kwa kuwa impidansi, yaani ukinzani wa jumla dhidi ya mkondo geu, ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa kebo ndefu. Katika miaka ya 1930, Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliolishughulikia kwa kifuasi cha kathodi, ambacho hutoa mawimbi kwenye kathodi, ncha inayotoa elektroni ndani ya vali, badala ya anodi, ncha inayozipokea.

Transista, iliyozaliwa Desemba 1947 mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain katika Maabara za Bell, Marekani, iliugeuza mzani huo. Beisi yake, yaani ncha inayoongoza mkondo kati ya ncha nyingine mbili, emita na kolekta, hudai mkondo, na katika saketi ya kawaida ya kukuza volti impidansi ya kuingilia huwa kiloomu chache tu, kiasi kwamba kipaza sauti cha kristali, chenye impidansi kubwa sana, hupoteza karibu mawimbi yake yote kabla hayajakuzwa. Kwa hiyo saketi iliyokuwa msaada katika zama za vali ikawa hitaji katika zama za transista.

Katika toleo lake la transista, yaani kifuasi cha emita, kolekta huunganishwa moja kwa moja na chanzo cha umeme, mawimbi huingia kwenye beisi, na mzigo huwekwa kwenye emita. Volti ya beisi inapopanda, ya emita hupanda nayo karibu sawasawa, ikibaki chini kwa takriban volti 0.6 katika transista ya silikoni. Na kwa kuwa tofauti hiyo haibadiliki sana, beisi huhitaji nyongeza ndogo tu ya mkondo, ilhali sehemu kubwa hutoka kwenye kolekta. Transista inayokuza mkondo mara 100 huufanya mzigo wa omu 1,000 uonekane, kutoka kwenye beisi, kama omu 100,000 hivi. Kinyume chake, ukinzani wa chanzo, ukitazamwa kutoka kwenye emita, hugawanywa kwa kiasi hichohicho, kisha huongezewa ukinzani wa ndani wa takriban omu 25 mkondo ukiwa miliampia 1. Volti haikui hata kidogo, lakini nguvu hukua, na hapo ndipo ilipo thamani halisi ya saketi hii, ambayo vitabu vingi huipita upesi mno.

Sidney Darlington, naye wa Maabara za Bell, aliunganisha transista mbili ili ukuzaji wa mkondo wa moja uzidishwe kwa wa nyingine, akapata hataza mwaka 1953. Miaka mitatu baadaye Hung-Chang Lin wa kampuni ya RCA alichapisha saketi ya kikuza sauti ambamo nusu moja ya hatua ya mwisho ilikuwa kifuasi cha emita, na spika ya omu chache ikaendeshwa bila transfoma ya kutolea sauti, kifaa kizito cha chuma na shaba ambacho vikuza sauti vya vali havikuweza kwa kawaida kukiepuka.