Kikopey: Watu Huhama, Mipaka Hubaki

Mtu wa kwanza kupigiwa kura ili aisemee nchi inayozunguka Kikopey alikuwa Lord Delamere. Ilikuwa mwaka 1920, walowezi walipofanya uchaguzi wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na eneo alilowakilisha liliitwa Bonde la Ufa. Alikaa Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. Jirani yake alikuwa shemeji yake, Galbraith Cole, mwenye ranchi ya Kekopey, jina ambalo soko la nyama choma la barabara kuu ya Nairobi na Nakuru bado linalibeba. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika koloni nzima, nao walikuwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa. Waafrika, waliokuwa zaidi ya milioni mbili, hawakuwa na hata mmoja. Mwaka 1924 walipewa mmishonari wa kuwasemea, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa.

Ili wachache hao wapate nchi ya kuwakilisha, wenyeji waliondolewa kwanza. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha, Elementaita na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Miaka saba baadaye wale wa Laikipia waliambiwa wahame tena. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 kudai haki yao, na kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili, hivyo mahakama ya koloni haina mamlaka juu yake. Tangu siku hizo, swali la nani anahesabiwa katika Bonde la Ufa la kati limekuwa swali la nani ameruhusiwa kukaa.

Mashamba hayakujilima. Walowezi walihitaji mikono, na mikono ikaja kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Maskwota hao walipewa kipande cha kulima na kulisha mifugo kwa malipo ya siku nyingi za kazi kila mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Wakikuyu waliokaa katika mashamba ya Wazungu walikuwa zaidi ya 100,000, mara nyingi zaidi ya wenye mashamba. Watoto walizaliwa huko, wazee wakazikwa huko, lakini mbele ya sheria walikuwa wageni wa mkataba wa kazi, wasio na ardhi wala kura. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, maelfu yao walipakiwa kwenye malori na kurudishwa kwenye hifadhi za Wakikuyu ambamo wengi wao hawakuwahi kuishi.

Kwa hiyo Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza, Machi 1957, sehemu kubwa ya watu wa bonde hili haikuwepo. Kura yenyewe ilikuwa ya masharti ya elimu, mali na utumishi, na mpiga kura mmoja aliyetimiza sifa aliweza kuwa na hadi kura tatu. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walidaiwa pia cheti cha uaminifu kwa serikali. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na kile cha Bonde la Ufa kilichukuliwa na Daniel arap Moi. Sisemi Moi hakustahili kushinda. Ninachosema ni kwamba kiti chake kiliwekewa mipaka wakati ambapo watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, na mambo mawili hayo hayawezi kutenganishwa.

Uhuru ulipokaribia, ugomvi wa mipaka ulitoka mashambani ukaingia mezani. Chama cha KADU kilitaka majimbo, kikiogopa kumezwa na makabila makubwa yaliyokuwa nyuma ya chama cha KANU. Tume ya mipaka ya majimbo iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi mwaka 1962 kusikiliza kila jamii ikisema inataka kuwa upande gani. Kinangop ikaishia katika Jimbo la Kati, Naivasha na Gilgil zikabaki Bonde la Ufa. Mstari huo ndio uliowafanya wakulima waliokuja baadaye kuonekana wageni katika jimbo walilonunua ardhi kwa pesa zao.

Nao walikuja kwa wingi. Walowezi walipouza, walionunua walikuwa kampuni na vyama vya ushirika: watu wanachanga, shamba linanunuliwa, kisha linakatwa vipande kulingana na hisa. Mfano unaojulikana zaidi Nakuru ni kampuni ya Ngwataniro. Kiongozi wake, Kihika Kimani, alichaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini mwaka 1974. Hisa ilikuwa ardhi, na ardhi ilikuwa kura. Miaka miwili baadaye Kimani alikuwa mstari wa mbele katika harakati za kubadilisha katiba ili makamu wa rais, Moi, asirithi urais moja kwa moja, na mikutano ya harakati hizo ilianzia Nakuru. Moi alirithi mwaka 1978. Mwaka uliofuata Kimani alishindwa na Koigi wa Wamwere, kijana aliyekuwa amefungwa bila kushtakiwa chini ya serikali ya Kenyatta. Wapiga kura wale wale waliokuja na kampuni walionyesha kwamba hawakuwa mali ya mwenye kampuni.

Ranchi ya Kekopey ilifuata njia hiyo hiyo. Ilinunuliwa na ushirika wa wakulima, na mahindi yakaanza kupandwa mahali palipokuwa malisho. Mtafiti Mmarekani Shirley Strum, aliyekuwa akichunguza nyani wa ranchi hiyo tangu 1972, aliona jinsi walivyoanza kuvamia mashamba mapya, na mwaka 1984 akawahamishia Laikipia. Kwa mwanahistoria, kisa hicho ni ushahidi safi wa jinsi nchi ya ng'ombe na kondoo ilivyogeuka kuwa nchi ya kaya ndogo ndogo katika muda wa miaka michache. Pale palipokuwa na familia moja yenye mjumbe barazani palikuwa sasa na mamia ya familia zinazogawana mbunge mmoja na nchi yote hadi Naivasha na ng'ambo yake.

Takwimu za wilaya zinasimulia hayo. Nakuru ilikuwa na watu 290,853 mwaka 1969 na 849,096 mwaka 1989. Maua ya Naivasha yalikuwa yameanza kuvuta vibarua kutoka Magharibi, Nyanza, Kisii na Ukambani, wakajaa mitaa ya Karagita na Kihoto. Lakini viti vya bunge havikuongezwa kwa kufuata watu. Idadi ya maeneobunge nchini ilipanda kutoka 158 hadi 188 na kisha 210, na kila mara ngome za serikali zenye watu wachache zilijaliwa kuliko miji na mashamba yaliyofurika. Mwaka 1992 KANU ilipata viti 100 kati ya 188, ilhali rais wake alipata asilimia 36 tu ya kura za urais. Upinzani uliogawanyika ni sababu moja. Ramani ni sababu nyingine.

Kulikuwa na njia ya kikatili zaidi ya kubadilisha hesabu, nayo ni kuwafukuza wapiga kura wenyewe. Mapigano ya 1991 hadi 1993 yaliunguza Molo, Olenguruone na Njoro. Waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 walikimbilia Maela, karibu na Naivasha, na Desemba 1994 serikali ikavunja kambi yao na kuwapakia kwenye malori kuelekea Mkoa wa Kati, kama ilivyofanya serikali ya koloni. Mtu aliyefukuzwa alikojiandikishia amepoteza nyumba na kura kwa pigo moja. Januari 2008 zamu ya kukimbia ilikuwa ya Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin wa Naivasha na mji wa Nakuru, baadhi wakichomwa ndani ya nyumba. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Hakuna jamii ya bonde hili ambayo haijawahi kuambiwa irudi kwao.

Katiba ya 2010 ililenga kumaliza mchezo huo. Kifungu cha 89 kinataka maeneobunge 290, yapitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na idadi ya watu katika kila moja isitofautiane na wastani wa taifa kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa miji mikuu na maeneo yenye watu wachache. Mwaka 2012 Nakuru ilitoka maeneobunge 6 hadi 11, na Gilgil ikakatwa kutoka Naivasha. Kikopey ikapata mbunge wa karibu, na mwaka 2017 Gilgil ikamchagua mwanamke, Martha Wangari.

Lakini wakati ule maeneobunge 27 yaliyokuwa madogo kupita kiasi yalilindwa yasifutwe, na watu hawakuacha kuhama. Kwa sensa ya 2019 wastani ni watu 164,015 kwa kila mbunge. Gilgil, yenye 185,209, iko ndani ya kiwango. Naivasha ina 355,383. Njoro ina 238,773. Subukia, katika kaunti hiyo hiyo, ina 85,164. Lamu Mashariki ina 22,258, maana yake mbunge wa Naivasha anabeba watu karibu mara 16 ya mwenzake wa huko, ilhali hazina ya maendeleo ya maeneobunge hugawiwa kwa eneobunge, haiangalii vichwa. Bwalo la shule ya Naivasha yenye wanafunzi mara mbili linajengwa kwa fungu lile lile. Kwa hesabu ya watu wake milioni 2.16, Nakuru inastahili viti 13.

Marekani pia ina idadi ya viti isiyobadilika, 435, na baada ya sensa ya 2020 Texas ilipata viwili zaidi huku California ikipoteza kimoja. Hapo ndipo pagumu kwetu. 290 ni kikomo, hivyo kiti kinachoongezwa Nakuru lazima kitoke kwa mtu mwingine. Mpango wa BBI wa kurekebisha katiba ulijaribu kukwepa maumivu hayo kwa kuongeza viti 70, vitano vikiwa vya Nakuru, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakataa mgawo huo, kwa kuwa haukupitia maoni ya wananchi.

Nakubali pia kwamba hesabu ya vichwa peke yake inaweza kuwa dhuluma. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliwapa ushindi Wailchamus wa Baringo, jamii ndogo iliyolalamika kwamba ndani ya Baringo ya Kati isingeweza kamwe kuwa na sauti. Wamaasai waliobaki pembezoni mwa Naivasha na Waogiek wa Mau wana haki ya kuuliza swali hilo hilo. Katiba imewapa nafasi: maslahi ya jamii na historia ni miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa, na ile asilimia 40 iliwekwa pia kwa ajili ya maeneo yenye watu wachache. Ulinzi huo una mipaka inayosomeka. Mara 16 haimo ndani yake.

Mapitio yalipaswa kukamilika kufikia Machi 2024. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda ukapita bila mstari hata mmoja kuchorwa. Walioacha kiti cha tume kikae wazi miaka miwili na nusu ni wanasiasa, na hilo ni kosa lao kwa mwananchi. Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 2027. Ukifanyika kwa mipaka iliyopo, Naivasha itapiga kura kwa ramani ya 2012 iliyochorwa kwa sensa ya 2009, na mtoto aliyezaliwa Karagita mapema mwaka wa sensa hiyo atakuwa foleni na wazazi wake, mwenye miaka 18.