Kigaeli Katika Vibao vya Barabara za Uskoti

Wengi hukiona kibao cha barabarani kuwa chombo cha kumwongoza msafiri tu. Historia ya Kigaeli huko Uskoti yatuonyesha kwamba kibao hutangaza pia ni lugha ya nani inayotambuliwa na wenye mamlaka.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1872, iliyowalazimu watoto wa Uskoti kusoma, haikukijali Kigaeli. Lugha ikabaki nyumbani na kanisani, na majina ya mahali yakaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Mathalani Inbhir Nis, yaani mlango wa mto Ness, likawa Inverness, jina lisilomwambia kitu msomaji wa Kiingereza.

Mgogoro ulizuka katika kisiwa cha Skye. Mwaka 1972 Iain Noble, mtu wa shughuli za benki aliyejifunza Kigaeli ukubwani, alinunua ardhi huko. Halmashauri ilipohitaji sehemu ya ardhi hiyo kwa barabara ya Portree, aliitoa kwa sharti moja: vibao viandikwe kwa lugha zote mbili. Baada ya mabishano, vikasimamishwa mwaka 1973.

Wapinzani wa vibao hivyo wamekuwa na hoja tatu. Kwanza, gharama. Pili, usalama: dereva mwenye maneno mengi ya kusoma hukawia kuitambua njia. Tatu, na ndiyo nzito zaidi, historia yenyewe. Huko Caithness, kaskazini, majina mengi yametokana na lugha ya mabaharia wa kale wa Norwei. Baadhi ya wakazi wakauliza kwa nini wabandikiwe Kigaeli. Watetezi nao hujibu kwamba lugha isiyoonekana hadharani huwafunza watoto kuionea haya.

Sheria ya mwaka 2005 iliunda bodi ya kuikuza lugha hii, na ile ya mwaka 2025 ikaipa hadhi rasmi. Hata hivyo, wasemaji wapatao 89,000 waliohesabiwa mwaka 1971 walipungua hadi kama 58,000 mwaka 2011, ingawa vibao vilikuwa vikiongezeka. Mwaka 2022 walifikia kama 70,000. Tusisahau kwamba tangu mwaka 1985 kulikuwa na madarasa ya msingi yanayofundisha kwa Kigaeli, yaliyoanzia Glasgow na Inverness.

Hapa pana funzo kwetu walimu. Kibao huipa lugha heshima, wala heshima hiyo si jambo dogo. Lakini wasemaji hulelewa nyumbani na darasani.