Kutoka Uummannaq hadi Lugalawa: damu ya wala samaki

Mwaka 1970 watafiti wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walifunga safari hadi Uummannaq, magharibi mwa Greenland, kupima damu za Wainuit, wenyeji wa huko. Watu hawa walishiba sili, nyangumi na samaki, mafuta tele kila siku, lakini maradhi ya moyo yalisemekana kuwa nadra kwao. Iliwezekanaje?

Walipita juu ya barafu kwa sledi za kukokotwa na mbwa, wakarudi na damu za watu 130. Majibu yalichapishwa mwaka 1971 katika jarida la Lancet: lehemu ya Wainuit ilikuwa chini kuliko ya Wadenmark. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba damu hiyo ilijaa omega-3, mafuta yanayoanzia kwenye vijimea vya majini, samaki wakavila, sili wakala samaki, na mtu akala sili. Samli huganda kukipoa kidogo tu. Mafuta ya omega-3 hubaki majimaji hata penye baridi kali. Mwaka 1978 wakapendekeza kwamba ndiyo yanayoizuia damu kugandana ndani ya mishipa.

Hapa Tanzania ni wachache wanaojua kwamba Lugalawa, wilayani Ludewa, nayo imeandikwa katika jarida hilohilo, mwaka 1996. Timu ya Mtaliano Paolo Pauletto ililinganisha wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, walao samaki kila siku, na wenzao wa mbali na ziwa wanaoishi kwa vyakula vya mimea. Maisha yao yalifanana. Chakula ndicho kilichowatenga. Wa ziwani walikutwa na omega-3 nyingi zaidi, lehemu kidogo na shinikizo la damu la chini. Naona fahari, na pia uchungu, kwa kuwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, bado tunauita kitoweo cha asiye na nyama.

Hoja ya Greenland imetiliwa shaka tangu hapo: mwaka 2014 wataalamu waliopitia upya kumbukumbu walisema Wainuit waliugua moyo kama watu wengine. Na mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2018 yaliona kwamba vidonge vya omega-3 havikingi moyo kwa kiasi cha kutajika. Lakini waliopimwa Ziwa Nyasa hawakuwa wakimeza vidonge. Mafuta yao yalikuja na mnofu wa samaki, miaka nenda miaka rudi.